Masikio juu ya mapaa: polisi wa miji ya Marekani na mitambo ya kunasa milio ya risasi

Mkaaji wa Kusini (mleta mada):

Ndugu wana jukwaa, salaam.

Naomba tuzungumze kwa utulivu kuhusu jambo ambalo nimeishi nalo kwa miaka mingi hapa Chicago, upande wa kusini wa jiji. Kamera za polisi zenye taa ya bluu inayomwekamweka juu ya nguzo kila mkazi anazijua, na hata watoto huzitumia kuelekezana njia. Lakini juu ya mapaa na nguzo za taa kulikuwa na kitu kingine ambacho wengi wetu hatukupata kukiona kwa macho: vipaza sauti vilivyotegwa kusikiliza milio ya risasi usiku na mchana, ili polisi wajue pa kwenda kabla mtu yeyote hajapiga simu. Vilifungwa katika wilaya 12 kati ya 22 za polisi wa jiji, nazo ni zile za kusini na magharibi, tunakoishi kwa wingi watu weusi na Walatino, yaani wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Meya Brandon Johnson aliahidi kwenye kampeni kwamba angeviondoa, na huduma ikazimwa tarehe 22 Septemba 2024, siku chache tu baada ya wajumbe wa Baraza la Jiji kupiga kura 33 kwa 14 wakitaka ibaki. Vipaza sauti vilizimwa, ubishi haujazimika hadi leo.

Mfumo wenyewe unaitwa ShotSpotter. Ulianzishwa California mwaka 1996 na mwanafizikia Robert Showen pamoja na wenzake, na tangu 2023 kampuni inajiita SoundThinking. Jiji halinunui vifaa. Linalipia huduma kwa mwaka, na bei iliyozoeleka ilikuwa kati ya dola 65,000 na 90,000 kwa kila maili moja ya mraba. Mkataba ambao Chicago ilisaini mwaka 2018 ulikuwa wa dola milioni 33.

Kilichonisukuma kuandika ni namba mbili ambazo watu wanarushiana kila siku. Kampuni inasema mfumo wake una usahihi wa asilimia 97. Mkaguzi Mkuu wa Jiji, katika ripoti yake ya Agosti 2021, alipitia taarifa 50,176 zilizotolewa kuanzia Januari 2020 hadi Mei 2021, akakuta kwamba ni 4,556 tu, sawa na asilimia 9.1, ambazo askari walipofika waliandika kuwa wameona ushahidi wa kosa la bunduki. Msikilizaji wa kawaida anaposikia 97 na 9 hudhani lazima mmoja kati ya hao wawili ni mwongo. Nimezisoma hesabu zote mbili kwa makini, na naona kwamba kila moja inajibu swali lake. Ile ya 97 inatokana na makosa ambayo polisi wenyewe wameiarifu kampuni, na askari aliyefika saa nane usiku, akamulika tochi, asikute kitu, akaondoka, hana sababu ya kuandika kwamba mtambo ulikosea, kwa kuwa hajui. Huenda risasi ilipigwa hewani. Huenda maganda ya risasi yalibaki ndani ya bastola ya mzunguko, ambayo haitemi maganda. Huenda ilikuwa fataki. Ile ya 9 nayo inahesabu kilichookotwa na kuandikwa, na risasi isiyoacha ganda wala majeruhi haimo humo hata kama ilipigwa kweli. Katikati ya namba hizo mbili kuna makumi ya maelfu ya safari za magari ya doria katika mitaa yetu, ambazo hakuna mtu duniani anayeweza kuapa zilikuwa za nini.

Basi hoja yangu ni juu ya safari hizo. Mtu anapopiga simu 911, namba ya dharura ya Marekani, hata akiwa amejificha chini ya kitanda, husema neno: walikuwa wawili, gari jeupe, mmoja ameanguka karibu na kituo cha basi. Taarifa ya mtambo haina mtoa taarifa. Inaleta nukta kwenye ramani, saa, na idadi ya milio, basi. Askari anafika mahali akiwa ameambiwa jambo moja tu, kwamba hapa pana bunduki, na mtu yeyote atakayemkuta hapo, awe mama anayetoa taka au kijana anayetoka kazini, ndiye anayejaza ile nafasi iliyoachwa wazi. Mkaguzi Mkuu aligusa jambo hili pia: alikuta askari ambao, katika kueleza kwa nini walimsimamisha au kumpapasa mtu, waliandika kwamba eneo lile kwa kawaida hutoa taarifa nyingi za mtambo. Yaani hata usiku ambao mtambo haukusema kitu, sifa uliyoipa mitaa yetu ilikuwa bado inafanya kazi.

Ningependa kusikia kwa wenye ujuzi na kwa waliopitia. Anayeufahamu mtambo atufafanulie unavyofanya kazi, na anayeutetea atueleze kwa nini, maana najua wapo, na miongoni mwao kuna watu ninaowaheshimu.

---

Fundi Antena:

Mleta mada, nashukuru kwa kuanza vizuri. Nitajaribu kueleza upande wa ufundi kwa lugha nyepesi, kwa sababu ukishauelewa utaona vilevile pale panapoweza kuvuja.

Kila aliyekulia kijijini amewahi kumwona mtu akipasua kuni ng'ambo ya bonde: shoka linashuka, na mlio unakufikia baadaye kidogo. Sauti husafiri hewani takriban mita 343 kwa sekunde. Sasa chukua bunduki iliyopigwa mahali fulani, na vipaza sauti viwili, kimoja kiko mita 343 kutoka hapo na kingine mita 686. Cha kwanza kitasikia baada ya sekunde moja, cha pili baada ya mbili. Mtambo haujui risasi ilipigwa saa ngapi, ila unajua kwamba kuna tofauti ya sekunde moja kati ya masikio hayo mawili, na kwa tofauti hiyo unaweza kuchora kwenye ramani mstari uliopinda wa mahali pote ambapo mlio ungeweza kutokea. Kipaza sauti cha tatu kinachora mstari mwingine, na mistari inapokatana ndipo penye nukta. Ujuzi huu ni wa zamani. Katika Vita Kuu ya Kwanza, mwanafizikia Mwingereza William Lawrence Bragg aliutumia kutafuta mahali mizinga ya Wajerumani ilipofichwa. Kilichoongezeka ni saa zinazolinganishwa kwa setilaiti, intaneti ya kubeba sauti, na wingi wa masikio, kwani hufungwa vipaza sauti 15 hadi 25 katika maili moja ya mraba.

Hadi hapo ni hesabu, na hesabu hiyo ni nzuri. Ugumu unaanza kwenye swali la pili, kwamba mlio huu ni wa nini. Kompyuta inaukisia kwanza, kisha kipande cha sauti kinapelekwa kwa mhakiki, mtu mwenye vipokea sauti masikioni ndani ya chumba kilicho mbali kabisa na mtaa wenu, ambaye anasikiliza, anatazama umbo la mawimbi kwenye kioo, na kuamua kama taarifa iende kwa polisi au itupwe. Lengo ni kwamba tangu risasi ipigwe hadi askari aone nukta kwenye simu yake isizidi sekunde 60. Sasa fikiria usiku wa tarehe 4 Julai, sikukuu ya uhuru wa Marekani, taifa zima likirusha fataki, mwangwi ukigonga kuta za matofali na kurudi, na mhakiki ana sekunde chache tu. Simlaumu mtu yule. Nasema tu kwamba uamuzi wake ni wa binadamu anayesikiliza, na unapofika kwa askari unaonekana kama kipimo cha mashine.

Jambo la mwisho: mfumo ulibuniwa kwa ajili ya milio ya nje. Risasi iliyopigwa ndani ya nyumba au yenye kizuia sauti inaweza kupita bila kusikika. Na ile nukta huahidiwa kuwa ndani ya mita 25 za mahali penyewe, ambazo kwa mhandisi ni kitu kidogo sana.

---

Mama Zuhura:

Wanangu, mimi nitakuwa upande wa pili, na nitasema kwa nini.

Ni muuguzi wa zamu ya usiku, jimbo la New Jersey, na nimeosha damu ya vijana wengi kuliko ninavyoweza kuwahesabu. Mtu aliyepigwa risasi ya paja ana dakika. Akikatika mshipa mkubwa, hata hizo dakika ni chache. Anapoletwa amefungwa mshipi wa askari juu ya jeraha, najua kuna mtu alimfikia mapema. Anapoletwa baada ya kulala uchochoroni mpaka mpita njia alipomkuta, najua vilevile, kwa rangi ya midomo, kabla hata sijagusa mkono wake.

Mleta mada anazungumza juu ya simu ya 911 kana kwamba simu hupigwa. Haipigwi. Mwaka 2016 wachumi wawili, Jillian Carr na Jennifer Doleac, walilinganisha kumbukumbu za mtambo huu wa Washington na simu za dharura, wakakuta kwamba ni takriban asilimia 12 tu ya matukio ya milio ya risasi yaliyofuatiwa na simu ya mtu kuripoti. Watu wanaogopa kuonekana wamepiga. Wengine wamechoka, wamepiga mara kumi huko nyuma na hakuna aliyekuja. Wengine, na hawa ninawafahamu kwa majina, hawana karatasi za ukaazi na wanahofia sauti yao kurekodiwa. Kule Camden, jimboni kwetu, ambako askari humpakia majeruhi kwenye gari la doria na kumkimbiza hospitali bila kusubiri gari la wagonjwa, madaktari walichapisha utafiti mwaka 2019 wakaonyesha kwamba majeruhi waliotokana na taarifa za mtambo walifika hospitali haraka zaidi.

Mnanieleza kwamba asilimia 91 ya safari hazikukuta kitu. Mimi naulizia wale waliokutwa. Mama wa mmoja wao akiwa ameketi kwenye kiti cha plastiki nje ya chumba cha upasuaji, mtamwambia kwamba huduma ilikuwa ghali?

---

Mkaaji wa Kusini:

Mama Zuhura, shikamoo. Nimesoma maneno yako mara mbili, na sina la kujibu kuhusu yule mama kwenye kiti. Niruhusu tu niseme mawili ambayo nadhani na wewe ungetaka yapimwe.

La kwanza ni ile asilimia 12. Waliopata namba hiyo walichukua taarifa za mtambo kuwa ndizo orodha ya milio ya kweli, kisha wakaangalia ni mingapi iliyopigiwa simu. Ikiwa sehemu ya orodha hiyo ilikuwa fataki, bila shaka hakuna aliyeipigia simu, na asilimia inashuka bila woga wa mtu yeyote kuhusika. Sisemi kwamba watu hawaogopi. Nimeishi hapa, nawajua wanaoogopa. Nasema kipimo kimepimwa kwa rula ambayo yenyewe ndiyo tunaibishania.

La pili ni lile la haraka. Utafiti wa Camden ulionyesha muda umepungua, na hilo nalikubali kabisa, ila haukuonyesha tofauti ya wazi katika idadi ya waliokufa. Eric Piza wa Chuo Kikuu cha Northeastern na wenzake walichunguza Kansas City na hapa kwetu Chicago, wakakuta kwamba polisi huokota maganda na kukamata bunduki zaidi mahali penye mtambo, lakini matukio ya watu kupigwa risasi hayakupungua. Utafiti mwingine wa mwaka 2021, uliopitia kaunti 68 kubwa za miji kati ya 1999 na 2016, nao haukuona mauaji ya bunduki yakipungua kwa sababu ya mtambo.

Sitaki mtambo uonekane hauna faida hata chembe. Ganda la risasi ni ushahidi mkubwa: pini ya bunduki huacha alama yake kwenye kitako cha ganda, na maabara ikilinganisha maganda mawili ya mitaa tofauti inaweza kujua kwamba bunduki moja imezunguka kote huko. Nimewaona wapelelezi asubuhi wakitembea wameinama, wakiweka vibao vidogo vya njano vyenye namba kando ya kila ganda kwenye lami, na mmoja wao akasimama dakika nzima juu ya mfuniko wa mtaro akijaribu kuona kama kuna kilichodumbukia. Kazi hiyo naiheshimu.

---

Kijana wa Ghala:

Samahani wakubwa, naomba nichangie yaliyonipata. Mji sitautaja.

Nilikuwa natoka ghalani, zamu inayoisha saa saba usiku. Kutoka kituo cha basi hadi ninapoishi ni mwendo wa dakika sita. Nilisikia pa, pa, pa, nyuma ya nyumba fulani, na hadi leo sijui ilikuwa nini. Nikaongeza mwendo, kama ambavyo mtu yeyote angefanya. Kumbe kuongeza mwendo ndiko kulikonifanya nionekane. Gari likaja bila king'ora, likapanda hadi kwenye njia ya waenda kwa miguu, na taa ikanipiga usoni. Wakaniambia niweke mikono juu ya boneti. Boneti ilikuwa ya moto, na hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote, kwamba nilitaka kuinua viganja kwa sababu vinaungua, na nilijua kwamba nikiviinua inaweza kuwa mwisho wangu. Nikaviacha.

Mmoja alifungua begi langu. Alitoa kopo la chakula, akalifungua, akamulika tochi ndani ya wali na maharage. Akatoa glavu za kazi, akazinusa. Nafikiri alikuwa anatafuta harufu ya baruti. Nilimsikia mwenzake akisoma kwenye simu: milio mitatu, mita kadhaa kutoka hapa. Hakuna aliyeniuliza kama nimesikia kitu au nimeona mtu. Nilikuwa shahidi pekee aliyekuwepo barabarani, na ningewaeleza mlio ulitoka upande gani, kwa sababu nilikuwa nimeusikia kwa masikio yangu mwenyewe.

Waliniachia baada ya robo saa hivi, hawakunipiga wala kunitukana, na mmoja alisema pole. Lakini Mama Zuhura, nakuheshimu kama mama yangu, nataka ujue kwamba tangu usiku ule nashukia kituo cha mbele zaidi na kuzunguka, natembea dakika kumi na saba badala ya sita.

---

Wakili wa Mtaa:

Alichosimulia Kijana wa Ghala ndicho kiini cha ubishi wa kisheria, na naomba niueleze bila kuupaka rangi.

Kwa sheria ya Marekani, askari hawezi kumsimamisha mtu kwa hisia tu; ni lazima awe na shaka yenye msingi, inayoelekezwa kwa mtu huyo. Swali ni kama nukta kwenye ramani inatosha. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufaa ya Saba, ambayo mamlaka yake yanalihusu jimbo letu la Illinois, iliamua kesi kutoka mji wa Peoria ambako polisi walilisimamisha gari lililokuwa likitoka mtaa uliotajwa na mtambo. Majaji wengi walikubali usimamishaji ule, lakini walitazama mambo yote kwa pamoja: kulikuwa na simu za 911 pia, ulikuwa usiku wa manane, na gari lilikuwa moja tu barabarani. Waliandika wazi kwamba wanatilia mashaka kama taarifa moja ya mtambo, peke yake, ingetosha. Jaji Diane Wood alipinga hata huo uamuzi. Kwa hiyo sheria imeacha mlango nusu wazi, na anayesimama mlangoni usiku ni askari wa doria, si jaji.

Ile ahadi ya mita 25 aliyoitaja Fundi Antena ina uzito hapa. Kiwanja cha kawaida cha nyumba Chicago kina upana wa futi 25, yaani mita saba na nusu hivi. Zungusha mita 25 kutoka kwenye nukta, na umeingiza nyumba tatu kila upande, nyumba za ng'ambo ya barabara, na uchochoro wa nyuma na kila aliyemo. Kwa mhandisi ni kitu kidogo. Kwa sheria inayotaka shaka imwelekee mtu mmoja, ni umati.

Kuna pia mahakamani kwenyewe. Mwaka 2020 mzee mmoja wa hapa Chicago alishtakiwa kwa mauaji ya kijana aliyekuwa amempa lifti, na upande wa mashtaka uliegemea kwa sehemu kubwa kwenye sauti iliyonaswa na mtambo huu. Alikaa rumande karibu mwaka mmoja. Julai 2021 waendesha mashtaka wenyewe walimwomba jaji aifute kesi kwa kukosa ushahidi wa kutosha.

Na ipo kesi ambayo naona inawasumbua watu wa pande zote mbili wakiwa wakweli. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Machi 2021, mtambo ulinasa milio mtaa wa Little Village. Askari wakafika, wakawakimbiza watu wawili uchochoroni, na mmoja wao, mvulana wa miaka 13, akapigwa risasi na askari. Video ilionyesha kwamba sekunde ile aliyopigwa mikono yake ilikuwa juu na mitupu, ingawa punde kidogo kabla yake alikuwa na bastola. Usiku huo mtambo haukukosea. Risasi zilikuwa zimepigwa kweli, mahali palepale, na polisi walifika haraka sawasawa na ilivyoahidiwa. Hakuna kipimo cha usahihi kinachoweza kutusaidia hapo.

---

Msafiri wa Rasi:

Nimeishi Afrika Kusini, na nataka kuongeza mfano mfupi. Kuanzia 2016 Jiji la Cape Town lilitumia mfumo huuhuu katika mitaa ya Hanover Park na Manenberg, ambako magenge hupigana kwa bunduki na watoto hufunzwa shuleni kulala chini wanaposikia milio. Baadaye huduma ikasitishwa. Ila katika nchi hiyohiyo kuna mahali ambapo sioni mtu akiubishia: Hifadhi ya Kruger, ambako mtambo wa aina hii ulijaribiwa dhidi ya majangili wa faru.

Nimejiuliza kwa nini huku ugomvi na kule kimya, na hoja ya mleta mada imenipa jibu. Porini, usiku, mlio wa bunduki ni kosa lenyewe, na anayekutwa karibu nao kwa kawaida hana shughuli nyingine pale. Mtaani kuna watu elfu moja wenye haki ya kuwa hapo.

---

Mama Zuhura:

Kijana wa Ghala, mwanangu, nimesoma habari ya boneti na nimelazimika kuiweka simu pembeni kwanza. Sitabadilisha nilichosema kuhusu dakika za majeruhi. Lakini nina swali kwa mleta mada na kwa wakili: kwa nini askari ndiye wa kwanza kupelekewa ile nukta? Kama kweli jambo lililo mbele ni uhai, kwa nini isilie kwanza kwenye gari la wagonjwa, au kwa wale watu wa mtaani ambao kazi yao ni kuzuia visasi, wanaowajua vijana kwa majina ya utotoni?

---

Wakili wa Mtaa:

Mama, ni kwa sababu mteja anayelipa ni idara ya polisi, na wahudumu wa gari la wagonjwa huzuiwa kuingia mpaka polisi waseme pamekuwa salama. Swali lako ni zuri kuliko mengi niliyoyasikia kwenye vikao vya mabaraza.

---

Mkaaji wa Kusini:

Nawashukuru nyote. Niongeze kitu kimoja kwa wanaodhani kwamba mambo haya ni ya Chicago tu. Juni 2024 Mkaguzi wa Hesabu wa Jiji la New York, Brad Lander, alitoa ukaguzi wake. Mwezi wa Juni 2023 pekee, polisi wa New York waliitikia taarifa 940 za mtambo. Kati ya hizo, 122 zilithibitishwa kuwa milio ya risasi, 47 zilionekana hazina msingi, na 771 zikabaki bila kuthibitishwa. Mwishoni mwa mwaka 2024 New York ikarefusha mkataba kwa miaka mingine mitatu, kwa dola milioni 22. Jiji la San Antonio, Texas, kinyume chake, liliacha mwaka 2017, na Durham ya North Carolina ikaacha 2024 baada ya mwaka mmoja wa majaribio. Kila jiji linaamua kwa namna yake, na katika hizo 771 sijaona popote palipoandikwa ni wangapi waliosimamishwa, walipekuliwa vipi, na walikuwa na umri gani. Hilo ndilo ninalolitaka liandikwe, iwe jiji linabaki na mtambo au linauacha: kila safari, mtaa gani, nani alikutwa, alifanywa nini. Nimelipeleka kwa mjumbe wetu wa baraza kwa barua, na nitalipeleka tena kwa mdomo.

Mama Zuhura, swali lako la gari la wagonjwa nimelinakili kama ulivyoliandika, nitalisoma kwenye kikao hichohicho, kwa ruhusa yako.

Juzi usiku, mtambo ukiwa umekwisha kuzimwa siku nyingi, nilisikia milio mitano upande wa uchochoro. Mke wangu aliwahamishia watoto kwenye korido isiyo na dirisha, kama tulivyozoea. Nikakumbuka maneno yako, Mama, kwamba simu haipigwi, nikapiga. Mpokeaji alikuwa mpole. Aliuliza mtaa, nikamtajia. Akauliza ni milio mingapi, nikamwambia mitano. Akauliza kama nimemwona mtu yeyote, amevaa nini, amekwenda wapi, kuna aliyeumia. Nilisogea dirishani, nikafunua pazia kidogo, nikaona magari yaliyoegeshwa na mwanga wa taa ya nguzo kwenye lami iliyolowa.

Nikamjibu kwamba sijaona mtu, nimesikia tu.